Kidonda Hiki Nitakifunga Mwenyewe

Doonside, Ijumaa mchana

Sifa mwanangu,

Sikuulizi kama u mzima. Asubuhi nimekuona ukimaliza vipande vinne vya mkate na chai yote ya chupa, halafu ukaniuliza kama mimi nimekula. Kwa hiyo hali yako naijua. Yangu nayo unaijua, tena kupita kiasi, ndiyo maana nakuandikia.

Barua hii nimeiweka kwenye sinia la plasta, juu ya boksi la glavu. Najua ukitoka kurudisha funguo na nguo za kazi, hata viatu hutavivua vizuri. Utanawa mikono, utachukua sinia, utaniita, "Mama, lala nikuangalie." Leo usiniite. Kaa kwanza kwenye kiti cha jikoni usome mpaka mwisho. Nikisema kwa mdomo unanikata, unaniambia "Mama, stop," mimi nalia, wewe unalia, na neno linabaki palepale. Karatasi hainikati.

Mwandiko usiucheke. Shule niliiacha mwaka wa nne, na kalamu hii ni ile ya kuandikia orodha ya sokoni. Nimeanza tangu saa tano.

Mambo ya koti la baridi, ya kuloweka maharagi, ya kutofungulia mlango mtu usiyemjua, hayo sikuandikii. Umefika miaka ishirini. Nakuandikia juu ya tumbo langu.

Jumanne ulijifungia bafuni ukafungulia maji nisisikie. Nilisikia. Watu wakiongea Kiingereza mimi nikakaa kimya, wanadhani sielewi. Mtu gani asafishe vyumba vya wazee miaka kumi asielewe? Wale wazee wanaongea kutwa nzima! Nilisikia ukimwambia bwana wa Dubbo, yule wa karakana ya matrekta aliyekupa nafasi ya kujifunza ufundi, kwamba mama yako ana kidonda, kwamba nyumbani mko wawili tu, kwamba unaomba akungojee mwezi mmoja. Alivyojibu sikusikia, lakini nilikuona ulivyotoka. Ulikuja moja kwa moja ukaanza kupanga upya kabati la vikombe. Wewe ukishika kabati la vikombe, kuna jambo.

Na begi lako mpaka leo lina nguo nusu. Kila siku unatia shati moja, unatoa mawili.

Sasa nisikilize. Kidonda hiki nilikiharibu mimi. Wewe hukukiharibu. Nataka nikuambie kilivyoharibika, kuanzia mwanzo, na mwanzo wake uko mbali na kitovu.

Unakumbuka viatu vyako vilivyokuwa vinawaka taa ukikanyaga? Ulikuwa na miaka tisa. Baba yako alikuwa amelala hospitali wiki ya tatu. Dokta alituita kwenye chumba kidogo, akauliza kama nataka mkalimani wa simu, mtu wa Kiswahili. Nilikataa. Akasema si vizuri mtoto kutafsiri maneno kama haya. Nikamjibu kwa kile Kiingereza changu, "She speak good." Nilikataa kwa nini? Kwa sababu Waswahili wa Sydney tunajuana wote. Nilisema moyoni, huyo wa kwenye simu akiwa mtu wa kanisani kwetu je? Akiwa shemeji wa fulani? Jumapili ugonjwa wa mume wangu utakuwa umefika kwa kwaya kabla mimi sijafika kwenye kiti. Niliona aibu yangu ni nzito kuliko mtoto wangu.

Dokta alisema kwa muda mrefu. Wewe ulikuwa unaangalia viatu vyako. Halafu ukaniambia, "Mama, anasema baba atapewa dawa ya maumivu tu. Zile nyingine zimekwisha."

Nikakuuliza, "Zimekwisha dukani?"

Ukasema, "Hapana, mama. Zimekwisha kufanya kazi."

Hukulia. Tulipotoka ulinishika mkono, ukabonyeza lifti, ukaniambia, "Twende huku." Kama wewe ndiye uliyenizaa.

Nilipaswa kuacha siku ile ile. Sikuacha. Uligeuka mdomo wangu. Barua za nyumba, simu za umeme, karatasi za shule yako mwenyewe. Mara moja mwalimu alinieleza makosa yako, ukanitafsiria kwamba anasema unafanya vizuri sana. Unadhani sikujua? Uso wa yule mama haukuwa uso wa mtu anayesema vizuri sana! Nilinyamaza, kwa sababu nilisema huyu mtoto naye ana haki ya kupata faida kidogo katika kazi hii.

Basi, tuje kwenye ngiri ya kitovu. Unajua ilikotoka. Miaka yote nilikuwa nakunyang'anya mizigo. Mfuko wa mchele wa kilo ishirini, mimi. Kochi kutoka kwa jirani, mimi mbele wewe nyuma, halafu nakuambia ondoka nitaliburuta. Ukiwa na misuli ya kufungua gurudumu la lori, mama yako bado anakupokonya maji ya kunywa. Kitovu kikaanza kuchungulia kama kinataka kuona Sydney. Dokta akasema ni upasuaji mdogo, utaingia asubuhi utatoka mchana.

Nikatoka mchana kweli. Nesi alikuja na karatasi ya maagizo kabla hujafika kunichukua. Akauliza tena lile swali, mkalimani? Nikasema, "No, no, I understand." Akanisomea. Kila alichosema nilijibu yes. Akaniuliza kama nina swali, nikajibu yes, akangoja swali, nikamchekea. Ukafika ukaniuliza, "Wamesema nini?" Nikakujibu, "Nipumzike." Karatasi niliikunja nikaitia kwenye Biblia, mahali ambapo wewe huendi kutafuta kitu. Usikasirike, ni kweli.

Siku ya nne ukiwa kazini wakaja Mama Esta na wenzake wawili, na sufuria kubwa ya maji. Mama Esta ndiye aliyenikanda kambi ya wakimbizi nilipokuzaa wewe. Siku arobaini alikuja kila asubuhi na maji ya moto na kikwembe cha kunifunga tumbo, na yeye mwenyewe alikuwa na njaa. Mtu kama huyo akisema nivue nguo nikandwe, nitamwambiaje hapana? Alipoiona plasta akasema, "Hawa watu wamekufunika kama keki ya harusi. Kidonda kinataka moto, dada." Tukacheka wote wanne. Wakaibandua. Maji ya chumvi, taulo linatoa mvuke, wakakandamiza. Halafu kikwembe, kaza, kaza tena, mpaka pumzi ikawa ndogo.

Na sikudanganyi, Sifa, nilisikia raha. Tangu baba yako afe, hapakuwa na mikono ya watu juu ya mwili wangu. Nililala usingizi kama wa mtoto.

Kosa si la Mama Esta. Yeye alijua tumbo la mzazi, lenye maumivu lakini halijakatwa. Hili langu lilikuwa na mshono wa nje, na wavu waliouweka ndani kuziba ngiri, na ilikuwa imeandikwa kabisa kwenye Biblia yangu kwamba lisikandwe, lisifungwe, plasta isibanduliwe mpaka siku yake. Kosa ni la aliyekuwa na karatasi.

Halafu likaja kosa kubwa kuliko hilo, na hili ndilo nataka ulichukue uende nalo Dubbo. Siku ya tano niliona pembeni ya mshono pamekuwa pekundu, pana joto kama pasi. Siku ya sita pakatoa maji ya njano kwenye kikwembe. Nilijua. Hata asiyesoma anajua usaha. Nikafunga kikwembe cha pili juu ya kile cha kwanza. Ukaja na chai, ukasimama mlangoni, ukanusa. Ukauliza, "Mama, ni nini kinanuka?"

Nikakuambia ni ndagala.

Samaki wa kukauka! Mwili wangu unaoza nakuambia ni samaki. Ukaenda jikoni ukafungua makabati yote, ukarudi ukasema, "Hakuna ndagala humu ndani." Ukafunua shuka. Kilichofuata ulikisema kwa Kiingereza chote, maana ukikasirika Kiswahili kinakukimbia, na nakushukuru, kwa sababu mengine sikutaka kuyaelewa.

Nimefikiri sana kwa nini nilificha. Maumivu nayaweza. Dokta simwogopi. Niliogopa uso wako. Niliogopa uniangalie kama ulivyoniangalia kwenye lifti ile, mtoto anayeona kwamba mama yake hajui. Kwa hiyo nilichagua kuoza. Nimezaa, nimevuka mipaka miwili kwa miguu, nimezika mume, na bado nilichagua kuoza kuliko kusema sikuelewa karatasi. Wewe na ufundi wako utafika mahali watu wote kwenye ile karakana wanajua kitu na wewe hukijui. Wanaume watupu, matrekta makubwa. Useme sijui. Useme siku ya kwanza, kikiwa bado chekundu tu.

Tulipofika kwa dokta alifungua mahali kidogo usaha utoke. Ulinishika mkono huku ukitafsiri. Tena. Nesi akauliza nani atakuwa anasafisha nyumbani kila siku, nikakuangalia, ukasema, "Me." Nikaona zile taa za viatu.

Siku ile niliapa hutabeba na hili.

Jumatano nilikuaga naenda Cabramatta kununua ndagala na majani ya mihogo. Sikwenda. Ile ndagala tuliyokula niliinunua duka la Blacktown, ndiyo maana ilikuwa ghali na mbaya, na wewe ukaisifia. Nilikwenda kliniki peke yangu. Nikasimama kwenye dirisha nikasema, "Swahili, please. Telephone." Yule msichana hata hakushangaa. Miaka yote hii nilidhani nikisema maneno hayo mbingu itapasuka! Alibonyeza tu.

Akaja mwanaume kwenye simu, Kiswahili chake kimepigwa pasi. "Mama, muuguzi anauliza endapo jeraha linatoa majimaji." Nikamwambia, "Baba, sema kidonda, tutaelewana haraka." Akacheka, akasema sawa mama, kidonda. Nikamuuliza yuko mji gani, anasali wapi. Akasema haruhusiwi kusema, na mimi pia jina langu hajaambiwa. Yaani niliogopa miaka kumi na moja kwa mtu ambaye hajui mimi ni nani.

Nilimwambia nesi kupitia kwake: nataka nifundishwe mimi. Mtoto anaondoka. Nesi akaweka kioo kati ya mapaja yangu, maana tumbo hili nalo lina kiburi, linaficha lililo chini yake. Akasema fanya, mimi naangalia. Nikanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Nikabandua plasta ya zamani polepole, upande zinakolala nywele. Ikaingia kwenye mfuko wa taka. Nikanawa tena. Kumbe hata wao wana maji ya chumvi! Lakini yao yamo kwenye kichupa kilichofungwa, hayana moto, na hayakandwi, yanamwagiwa tu taratibu mpaka uchafu uondoke wenyewe. Nikagusagusa pembeni na kitambaa cha gozi pakauke. Plasta mpya nikaishika kwenye ncha, katikati sikugusa. Ya kwanza ilikunjamana, nesi akasema tupa. Ya pili ilikaa.

Niliogopa, nakubali. Jasho lilinitoka mpaka kwenye masikio. Lakini nilikiona kidonda changu kwa mara ya kwanza, Sifa. Wiki tatu nilikuwa nageuza uso ukutani ukinisafisha. Ni kidogo! Nilidhani ni shimo la kuingiza ngumi. Kimebaki kama punje ya hindi, chekundu safi, na pembeni ngozi inatembea kurudi.

Jioni ile ulipokuja na sinia ukasema, "Leo plasta imekaa vizuri." Ilikuwa yangu.

Ukabandua kazi ya mikono yangu ukaitupa. Iliniuma kidogo.

Jana, ulipokuwa kazini, Mama Esta alikuja tena, safari hii bila maji, na sahani ya sombe, majani ya mihogo ya kutwanga. Akakaa. Akaanza kuzunguka kwa maneno. "Nimesikia Sifa anaondoka." Nikasema ndiyo. "Na tumbo hili?" Nikasema linabaki kwangu. Akavuta pumzi, akasema, "Mtoto wa kike gani anaacha mama yake tumbo wazi aende kwenye mafuta ya trekta? Watu watasema nini, dada?"

Nikamwambia, "Mama Esta, hili tumbo halikuwa wazi mpaka ulipokuja na sufuria."

Akaweka sahani chini. Nikadhani nimemvunja. Halafu akaanza kucheka, yule mama, akacheka mpaka akafuta macho kwa leso, akasema, "Kweli nimekupika." Nikamwambia watu wakiuliza, waambie mama Sifa ndiye aliyemfukuza. Waambie alimfungia mlango. Akasema atakuja kila Jumatatu kunitazama, nikasema karibu, lakini unawe mikono na usiguse. Tumekubaliana hivyo.

Sasa jambo la leo. Kaa vizuri.

Saa nne asubuhi nilimpigia bwana wa Dubbo. Namba iko kwenye ile karatasi ya friji, usishangae. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo kwanza. Nikasema, "Hello. I am mother of Sifa. My wound is good. Sifa come Monday." Akaniuliza kitu kirefu, na hapa, mwanangu, sikujibu yes. Nikasema, "I don't understand. Slow, please." Akarudia polepole. Alisema ulimwomba mwezi, na hana mwezi, kuna kijana mwingine anangoja nafasi hiyo, na leo jioni ndiyo mwisho wa yeye kungoja jibu lako. Nikasema tena, Sifa come Monday. Akacheka, akasema maneno fulani mazuri ya kuita mtu mama.

Nimekosea kumpigia bila kukuuliza? Labda nimekosea. Namba unayo. Kama Dubbo huitaki, mpigie kabla hajafunga ofisi, umwambie huitaki. Umwambie matrekta yananuka, umwambie umependa mvulana wa Mount Druitt, chochote, nitakupikia na tutakaa. Lakini usimwambie kwamba mama yako ana kidonda. Hilo nimelifunga. Hukuumbwa uwe plasta yangu. Nimekutumia kama mdomo, nikakutumia kama macho, nikataka kukutumia kama mikono, na ungekubali, ndiyo ubaya wake, ungekubali mpaka uzeeke. Mimi nakataa. Nakataa mbele ya kanisa zima.

Nitakuogopea, hilo siwezi kuliacha. Nitapiga simu kila siku, usipopokea nitapiga mara sita. Nitahisi homa isiyokuwepo. Lakini kikiwa chekundu nitasema chekundu, kikinuka nitasema kinanuka, na nitamwambia nesi kabla sijakuambia wewe, kwa sababu yeye yuko dakika kumi na wewe uko kwenye treni ya kutwa nzima. Ile karatasi ya maagizo nimeitoa kwenye Biblia, yule mwanaume wa simu alinisomea yote, nikaandika kwa Kiswahili changu nyuma yake. Iko kwenye friji, mahali pa namba ya Dubbo.

Ukimaliza kusoma, sinia lirudishe kabatini. Plasta ya leo nimeshabadilisha. Ukitaka, njoo uiangalie, lakini kwa macho tu.

Halafu nenda umalizie begi. Nimeliona, litakuwa zito, una vyuma vyako vya kazi humo. Nesi amenikataza kunyanyua chochote kizito kuliko birika mpaka wiki sita zipite. Kwa hiyo kesho tutatembea pamoja mpaka stesheni, mimi nitabeba mkoba wangu na chupa ya chai, na begi utalibeba wewe. Utaona mkono wangu unakuja kulishika, maana umezoea. Upige.

Mama yako